Sauti Iliyokonda

Jicho lina kope, na mtu akitaka hulifumba. Sikio halina mlango. Kila kinachopita kinaingia, na kikishaingia mtu hukiita ushahidi. Kwa hiyo wewe mwenye mtoto anayependa kushika vyuma vya watu, isome sura hii polepole.

Sajini Lusubilo, mpelelezi wa polisi kutoka Boma la Mbeya, alifika Iyula asubuhi, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu na gari lake limejaa tope hadi kwenye vioo. Nyuma ya gari waliketi Koplo Boazi na kijana Amoni mwenye pingu, na kati yao ilikuwapo mashine iliyofunikwa kwa gunia. Mashine hiyo ilitoka Tunduma, kwenye duka la Yonasi. Yonasi mwenyewe aliketi mbele, kwa kuwa alikuwa bado shahidi, na pia kwa kuwa alivaa suti.

Kesi ilikuwa hivi. Kanisa la Iyula lilikuwa na kikuza sauti, mashine ya kuchukua maneno ya mhubiri na kuyapeleka kwenye spika ya tarumbeta iliyofungwa nje, hadi watu wa mashamba ya kahawa kule bondeni wasikie. Amoni ndiye aliyeitunza. Siku ya sikukuu ya mavuno, Mzee Anania, mzee wa kanisa, alisimama baada ya ibada akasema: hii si mashine yetu, sauti yake imekonda. Wazee wenzake wakasikiliza, wakasikia. Wakatafuta, wakalikuta sanduku la mashine ya zamani nyumbani kwa Ketrina, mama yake Amoni, kuku akiatamia ndani yake. Wakashuka hadi Tunduma, wakaikuta kwa Yonasi mashine ya aina ileile. Ikawashwa, wakaisikiliza, wakaapa kwa Biblia kwamba hiyo ndiyo yao. Wakasema Amoni kaiuza, akaweka kanisani takataka ndani ya sanduku la kijani.

Kesho yake, siku moja baada ya Sajini kufika, Amoni alitakiwa kusimama mbele ya hakimu Mbeya. Viapo vya wazee vikisimama, basi ni jela.

Lusubilo aliingia kanisani, akaliendea lile sanduku la kijani pembeni mwa mimbari. Akafungua mgongo wake kwa bisibisi, akamulika kwa tochi. Alitazama sana. Akakwangua kitu kwa ukucha, akakinusa, akafunga.

"Umeona nini, afande?" Boazi aliuliza.

"Nimeona kwamba nyigu wana bidii kuliko sisi. Niitie Mzee Anania."

Mzee alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye benchi la kwanza, mahali ambapo ubao ulikuwa umelainika kwa kukaliwa na yeye.

"Shikamoo, Mzee. Ulijuaje kwamba mashine imebadilishwa?"

"Marahaba. Nilijua kwa masikio, Bwana Sajini. Haya haya mawili."

"Sauti ya zamani ilikuwaje?"

"Nene. Ina mafuta. Marehemu Mchungaji Ezron akisema 'Bwana asifiwe', ilikushika hapa." Akagusa kifua. "Hii ya sasa ni uji wa mtu aliyesahau unga."

"Ilikonda lini?"

"Siku ya mavuno."

"Jumapili iliyotangulia ilikuwa nene?"

"Nene kabisa."

"Siku ya mavuno ulikaa wapi?"

"Hapa. Mimi sikai pengine."

"Ulipoingia uliona nini?"

"Niliona sanduku la kijani badala ya jeusi."

"Uliliona kabla ya kuisikia sauti?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama alivaa suruali kabla ya kutoka nyumbani. "Bwana Sajini, mtu huingia kwanza, ndipo ibada ianze."

"Asante, Mzee. Kaa papo hapo."

Aliyefuata alikuwa Ruti, kiongozi wa kwaya, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

"Mimi mwanzoni sikusikia kitu," alisema.

"Halafu?"

"Mzee akasema tusikilize vizuri. Nikasikiliza vizuri. Nikaisikia imekonda. Tangu hapo siwezi kuacha kuisikia, hata nikitaka."

Halafu aliitwa Felista, mama wa watoto wengi, mdogo wao mgongoni.

"Mimi hukaa nje na wenzangu wenye watoto wachanga," alisema. "Chini ya ile spika."

"Siku ya mavuno sauti ilibadilika?"

"Ibadilike iende wapi? Ilinipasua kichwa vilevile."

"Na wenzako wa nje?"

"Hakuna aliyesema kitu. Habari tuliipata kesho yake kisimani."

"Baada ya kuipata?"

Felista akacheka kidogo, akamtikisa mtoto. "Jumapili iliyofuata niliingia ndani kulitazama hilo sanduku. Na mimi nikasikia. Imekonda kweli, baba."

Lusubilo alitoka nje akasimama barazani. Walioliona sanduku walisikia. Wasioliona hawakusikia, hadi walipoliona. Jambo hilo alilizungusha kichwani kama mtu anayezungusha kokwa la pichi mdomoni.

Ketrina alikuwa amefika. Alisimama mbali na gari, lile sanduku jeusi kichwani, macho yake kwa mwanawe aliyekuwa amekaa na pingu magotini. Mama na mtoto hawakuwa wameruhusiwa kusemezana tangu siku ya kukamatwa.

"Shikamoo, Mama Amoni."

"Marahaba, baba. Nimelileta, kama ulivyoagiza."

"Kwa nini ulilificha?"

"Ningelificha, ningemweka kuku ndani? Kuku akitaga hutangaza kijiji kizima."

Boazi alicheka, kisha akakumbuka kazi yake.

"Lilifikaje kwako?"

"Mchwa walilila chini. Amoni akatengeneza jipya kwa mbao za masanduku ya chai, akalipaka rangi iliyobaki kwenye milango ya shule. Hili akaniletea liwe kuni. Nikaona kuni gani hizi nzuri hivi, nikampa kuku."

Lusubilo alilitua sanduku kutoka kichwani pake, akalipindua, akaubonyeza ubao wa chini kwa kidole gumba. Kidole kikapita hadi ndani, vumbi la mchwa likamwagika juu ya kiatu chake.

"Na sauti, mama? Wewe uliisikiaje?"

Ketrina aliinamisha uso. "Mimi nimemzaa. Ukiniuliza, nitasema haikubadilika. Afadhali usiniulize."

"Nitakuuliza baadaye, mbele ya watu. Utasema unachokisikia, si unachokitaka."

"Hata kama kitamfunga?"

"Hata hivyo."

Ketrina alilipokea sanduku, akaliweka chini taratibu, kana kwamba mayai yalikuwa bado mle.

Yonasi alikuwa amesimama penye kivuli cha gari, akijipangusa tope kwenye suruali.

"Mashine yako uliitoa wapi?" Lusubilo aliuliza.

"Kitwe, ng'ambo ya mpaka, kwa mzungu wa migodini aliyekuwa anahama. Nimekwisha kusema mara ngapi?"

"Wazee walipokuja kuisikiliza, ilikuwa siku gani?"

"Siku ya soko. Malori ya Rodezia yanapiga honi, watu wanapigiana kelele kwa Kibemba na Kinamwanga. Nikazungusha kifundo cha sauti hadi karibu na mwisho."

"Kwa nini?"

"Mteja akisikia sauti ndogo anakwenda zake. Ukiiongeza kidogo tu, hasemi imeongezwa. Anasema hii ni nzuri. Ndiyo biashara hiyo, Bwana Sajini."

"Umesema neno kubwa kuliko unavyojua," Lusubilo alimwambia, akarudi ndani.

Kanisa lilikuwa limejaa. Wazee mbele, kwaya upande wao, na nyuma wanaume waliokuwa wametoka kupalilia, majembe wameyaegemeza ukutani. Lusubilo aliweka mashine zote mbili juu ya meza ya Bwana baada ya kuomba ruhusa, akaagiza gramafoni na santuri moja ya nyimbo za kwaya. Betri ya gari ikaletwa.

"Sasa nataka ngoma," alisema.

Wazee wakatazamana.

"Hapa hatuna ngoma," Mzee Anania alisema. "Wazazi wetu waliziacha walipobatizwa."

"Ya Mzee iko uvunguni," Ruti alisema, macho yake yakiangalia dari.

"Ile ni ya marehemu baba. Naihifadhi tu."

"Ndiyo maana haina vumbi," alisema Felista kutoka nyuma, na hata wazee wengine wakafunika midomo.

Ngoma ililetwa, nzuri, ngozi imekazwa sawasawa. Lusubilo aliiweka chini ya spika, iliyokuwa imeshushwa na kuingizwa ndani, akanyunyiza juu ya ngozi punje za ulezi. Akamwagiza Boazi amfungue Amoni mkono mmoja.

"Wewe ndiye fundi. Washa mashine ya kanisa, weka santuri."

Kwaya ya kwenye santuri ikaanza kuimba, na ule ulezi ukaamka. Punje zilisimama, zikarukaruka, zikakusanyika mistari mistari juu ya ngozi, zikatawanyika, zikajipanga tena kila wimbo ulipopanda. Watu wa mbele waliinuka. Watu wa nyuma wakapanda juu ya mabenchi. Walikuwa wamepepeta ulezi maisha yao yote, wakaukoboa na kuupikia pombe na uji, na hakuna aliyewahi kuuona ukimsikiliza mtu.

"Hiyo ni sauti," Lusubilo alisema. "Mnaiona. Ikiwa kubwa, punje zinaruka juu. Ikiwa ndogo, zinatambaa. Ulezi haumjui Amoni, wala haumjui Yonasi."

Alishika kijiti kando ya ngoma, akakitia alama pale punje zilipofikia. Kisha Amoni akahamisha nyaya kwenye mashine ya Tunduma, santuri ikarudishwa mwanzo, naye akazungusha kifundo kidogo kidogo hadi ulezi ukafika kwenye alama ileile.

"Nguvu ni sawa sasa. Mzee, unasikiaje?"

"Hii ya Tunduma ni nene. Ile ya kijani imekonda. Hata sasa."

"Kiziwi angesikia," Yonasi alidakia. "Yangu imetoka Kitwe."

Wengi wakaitikia kwa vichwa. Lusubilo hakubisha. Alitundika shuka jeupe kutoka nguzo hadi nguzo, meza na Amoni wakawa nyuma yake. Akaingia huko mwenyewe, akakaa muda, ikasikika sauti ya vioo vikigusana. Alipotoka mfuko wa koti lake ulikuwa umevimba, na mkononi alishika kengele ya kanisa.

"Fumbeni macho kama katika sala. Asiwepo wa kumtazama mwenzake. Santuri itaimba. Nikipiga kengele, sikilizeni. Anayesikia sauti ile nene ainue mkono. Anayesikia iliyokonda auache chini. Nikipiga tena, sikilizeni upya. Koplo, wewe chunga wanaochungulia."

Wakafumba macho. Wimbo ukaanza.

Akapiga kengele. Mikono kadhaa ikapanda, wa Mzee Anania ukiwa wa kwanza, umenyooka kama wa mtu anayeapa. Akapiga tena. Ule wa Mzee ukashuka, wa Ruti ukapanda, wa Felista ukapanda nusu, ukasita, ukapanda wote. Akapiga tena. Yonasi akanyanyua mkono wake wenye saa, akitabasamu gizani mwake. Mikono ilipanda na kushuka kanisa zima kila kengele ilipolia. Hakuna aliyekuwa akiiga, macho yao yalikuwa yamefumbwa kweli. Boazi alipita kati yao akiangalia. Hata Lusubilo mwenyewe, kengele ilipolia, aliisikia sauti ikinenepa.

Alimtafuta Ketrina.

Alikuwa karibu na mlango, sanduku miguuni, mikono imefungwa ndani ya kitenge. Uso wake ulikuwa umekazwa kama wa mtu anayenyanyua mzigo. Kengele ililia. Kisha mkono wake mmoja ukatoka kwenye kitenge, ukapanda.

Shuka halikufika nguzoni kabisa. Palikuwa na upenyo. Amoni alikuwa amesimama kwenye upenyo huo, akauona mkono wa mama yake. Akainamisha kichwa.

Kengele. Mkono ukashuka. Kengele. Ukapanda tena.

"Fumbueni," Lusubilo alisema, akainua sindano kutoka kwenye santuri. "Mama Amoni, simama. Ulisikia nini?"

Watu waligeuka. Ketrina alisimama, machozi yakimdondoka bila kilio. "Nilisikia ikibadilika. Kuna wakati ilikuwa nene, kuna wakati ilikonda. Uliniambia niseme ninachokisikia. Nimesema."

"Hata mama yake," mzee mmoja alinong'ona. "Basi imekwisha."

"Imekwisha," Lusubilo alikubali, akalishusha shuka.

Mashine ya Tunduma ilikuwa imeachwa wazi mgongo, na ndani yake palikuwa na matundu matupu. Lusubilo aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa leso, akaifungua juu ya meza. Ndani yake zilikuwamo taa za kioo za mashine, zile zinazowaka ndani na kuipa uhai.

"Zimekuwa mfukoni mwangu tangu shuka lilipotundikwa," alisema. "Mashine hii imekuwa maiti muda wote. Mliyoisikia ni ya kijani, hiyo moja, mwanzo hadi mwisho. Amoni hakugusa kitu. Kilichobadilika ni kengele."

Maji ya mvua yalikuwa bado yakidondoka kwenye bati, tone kwa tone. Mzee Anania aliinuka, akaja mezani, akaigusa taa moja kwa ncha ya kidole. Ilikuwa imepoa kabisa.

"Umetudanganya," alisema, lakini bila hasira.

"Nilisema nitapiga kengele, Mzee. Nikapiga kengele."

"Lakini nilisikia. Mbele za Mungu, nilisikia."

"Ulisikia. Ningemshika kwa uongo mtu ambaye angesema hukusikia. Mmoja tu humu alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, naye aliinua mkono juu ya shingo ya mwanawe mwenyewe. Hapo nikajua hakuna anayesema uongo. Masikio yetu ndivyo yalivyoumbwa; yakiambiwa kuna kitu, hukileta. Kosa ni kuapa kwamba kimetoka kwenye chuma."

"Kwa hiyo mashine zote ni sawa?" Ruti aliuliza.

"Sijasema hivyo. Iliyopasuka mtaisikia. Yenye nguvu ndogo mtaisikia, tena ulezi utawaonyesha. Lakini hizi mbili, zikiwa nzima na nguvu moja, hakuna humu aliyezitenganisha bila macho."

"Yangu ni nzuri zaidi hata hivyo," Yonasi alisema. Mkono wenye saa aliuficha nyuma.

"Yako nitakurudishia, pamoja na roho yake." Lusubilo aliigeuza mashine ya kijani, akafungua mgongo, akawasha tochi. "Mzee, chungulia. Unaona nini kwenye kona?"

"Udongo. Nyumba ya nyigu."

"Udongo wa rangi gani?"

"Mwekundu. Wa hapa."

"Nyumba ya zamani, au ya mwaka huu?"

Mzee alichungulia zaidi. "Watoto wamekwisha kutoboa, wakaruka. Juu yake imejengwa nyingine, na juu ya hiyo nyingine. Hii ni ya misimu mingi."

"Ya Tunduma ndani ina vumbi la kijivu la malori tu. Mashine yenu haijawahi kutoka Iyula. Amoni alibadilisha sanduku, kama alivyowaambia tangu mwanzo."

"Kama uliwaona nyigu asubuhi," Felista aliuliza, "ngoma na shuka vya nini?"

"Kwa sababu nyigu hawaapi mahakamani. Mimi nipeleke udongo Mbeya, ninyi mpeleke viapo vya wazee wa kanisa. Hakimu angemsikiliza nani?"

Mzee Anania alibaki ameiegemea meza. Alipoongea, aliongea na mashine.

"Tangu tumzike Mchungaji Ezron, hakuna sauti inayonitosha. Nikaona sanduku, nikapata wa kumlaumu." Akageuka kwa watu. "Kiapo changu nakiondoa. Iandikwe kwamba nimekiondoa."

Wazee wengine wakasimama mmoja mmoja, wakasema hivyohivyo. Wewe unayesoma, usiwacheke. Walikuwa watu wa haki. Mtu wa haki akishasikia kwa moyo wake wote, huyo ndiye wa kuogopa kuliko mwongo, kwa kuwa mwongo hujikwaa, yeye hajikwai. Ingekuwa polisi mwingine siku ile, mtoto wa watu angekwenda jela.

Boazi alizungusha ufunguo, pingu ikaanguka juu ya meza. Amoni alisugua kifundo cha mkono, akapita katikati ya mabenchi, watu wakimpisha bila kumtazama usoni. Mama yake hakuwa amekaa tangu alipoambiwa asimame.

"Uliuona mkono wangu?" alimuuliza.

"Niliuona, mama."

"Nilisikia kweli, mwanangu. Nilijaribu kutosikia."

Amoni aliinama akaliokota sanduku la kuku, akaliweka begani.

"Najua, mama. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nyaya mkononi, naiona ile nyingine haina kitu." Akatazama nyuma mara moja, kwenye meza, kwenye ule ulezi uliotulia juu ya ngozi. "Kila kengele ilipolia, na mimi nilisikia."